Aliyeshika Daftari

Pazia letu ni magunia kumi na manne ya karafuu
aliyoyafumua Mize tangu mwezi wa Rajabu
akayashona upya kwa uzi wa nyavu.
Ukisimama nyuma yake unapiga chafya,
basi kazi yangu ya kwanza, kabla ya kunong'ona,
ni kuziba pua.

Sijapata kuonekana jukwaani hata siku moja.
Uso wako, aliniambia Kombo,
ni uso wa mtu aliyekuja kudai deni.
Akanipa daftari, mwandiko kama sisimizi waliolowa,
na kiti cha chekechea
ambacho magoti yangu hadi leo hayajakikubali.

Mchezo nauona kwa masikio.
Najua Shaame husahau kila penye neno "lakini".
Najua Khatibu wa taa husinzia tendo la pili.
Najua Biubwa huvuta pumzi mara mbili
kabla ya kusema uongo wa mchezoni,
na mara moja tu
akitaka kusema kweli.

Usiku huu ghala limejaa. Wete nzima, utadhani.
Watoto wamepanda mizani ya zamani,
mshale unaonesha kilo mia na tisini za kelele.
Viti ni vya kamati ya harusi ya Bopwe,
na sharti virudi kabla ya alfajiri.

Huku nyuma, Mize ana pini sita mdomoni
na anagomba bila kufungua meno.
Shaame, mwashi wa Limbani, leo ni kadhi:
ndevu pamba ya mto, gundi ya seremala.
"Yakhe, zikibanduka?"
"Hazibanduki. Ninaloogopa ni hilo."

Tulianza baada ya Magharibi, umeme hatuuamini.
Isha ikaadhiniwa kesi ikiwa katikati.
Kadhi akaiahirisha, akaenda msikitini na ndevu zake
(udhu alitia kabla ya gundi, aliapa),
akasimama safu ya mbele, pembeni kulia.
Imamu akatoa salamu ya kulia, akaziona,
na ya kushoto
ikachelewa kidogo.

Tendo la tatu. Kitanda, mito miwili,
kanga juu yake: ndiye mama, amelala.
Biubwa anaingia. Anavuta pumzi.
Mara moja.
Kisha kimya.

Ukurasa wa ishirini na saba. Nikamnong'oneza:
*Mama, nimerudi.*
Kimya.
*Mama, nimerudi, mlango haukufungwa.*
Mtoto mmoja wa kwenye mizani akanisaidia kwa sauti kubwa.
Watu wakacheka, kicheko kikafa chenyewe.

Ndipo nikaitazama ile kanga.
Mize aliishiwa na vitambaa,
Biubwa akasema, ipo moja nyumbani, nitaleta.
Arubaini ya mama yake ilikuwa Ijumaa iliyopita.
Hitima tulikula sote, na mimi nikaongezwa sahani.
Kwenye pindo nikasoma: HODI YANGU UNAIJUA.

"Hodi," akasema Biubwa.
Halimo daftarini.
"Hodi."
Khatibu akaamka.
"Hodi."

Mimi ninayelisha watu maneno,
jibu nilikuwa nalo ulimini, neno moja,
kila mtu Pemba hii analijua.
Sikulitoa. Halikuwa langu.
Na mgeni akibisha mara tatu asijibiwe, hurudi:
akageuka, akapita ubavuni mwangu,
akaacha harufu ya tangawizi.

Kombo akavuta pazia kabla ya wakati.
Nje walipiga makofi, wengine wamesimama.
Wamelifanyia mazoezi sana hilo, mtu alisema.

Saa sita tunabeba viti, viwili viwili.
Kombo ananiuliza, niliandike?
Biubwa anakunja kanga, pindo kwa pindo.
"Kesho nitasema maneno yenu," anasema.
"Kitandani tandikeni shuka."

Shaame yuko mlangoni na chupa ya mafuta ya nazi.
Upande mmoja umetoka.
Mkewe anamngoja nje na tochi,
na hataki kumtazama, asije akacheka.